Gari ya Shemeji, Kipande kwa Kipande

Mara ya kwanza nilishuka Kasenyi, kule ziwani, nilikuwa mutoto, baba alinipandisha juu ya lori ya wauza-samaki. Ziwa sikumbuke. Nakumbuka nilitapika mu kofia ya pastere mumoja. Pastere akasema hakuna neno, lakini sura yake ilisema neno iko. Katikati ya muteremuko lori ikazimika, dereva akafungua kapo, kile kifuniko cha injini. Abiria wote wakashuka: wamama wa samaki, pastere na kofia yake, hata baba yangu, mwenye hakushikaka hata baiskeli. Kila mutu alikuwa na dawa. Mumoja anaomba, mwingine anapiga chuma na jiwe. Kisha lori ikawaka yenyewe, na kila mutu akafika Kasenyi akijua ni yeye aliiponyesha.

Masomo nilifanya miaka tatu, na ule wa tatu mwalimu alinionea tu huruma. Lakini siku ile nilielewa kitu: kwetu, kapo ikifunguka, ni mukutano. Nilielewa, kisha nikasahau, kama masomo ingine yote.

Sasa hii miaka ya juzi, shemeji yangu, bwana ya dada yangu, akafa. Aliacha gari ya zamani, rangi ya maziwa, yenye ilisimama nyuma ya nyumba yao Rwambuzi, hapa Bunia, tangu wakati wa vita. Kuku walikuwa wanatagia mu kiti ya dereva. Dada alitaka kuiuzisha kwa watu wa vyuma. Binti yake akakataa. Alikuwa karibu kuolewa, na aliomba jambo moja tu: afike kanisani mu gari ya baba yake.

“Mujomba, weye ulikuwa dereva,” akaniambia. “Itawaka?”

Ni kweli, niliendesha lori miaka mingi. Injini nilikuwa naijua namna mutu anamujua mama-mukwe: kwa heshima, na kwa mbali.

“Hiyo? Wiki tatu tu.”

Dada akanitazama. “Kaka, na ile saa yangu ya ukutani ulitengenezaka?”

“Ile ilikuwa saa,” nikamujibu. “Hii ni gari.”

Nikafukuza kuku, nikafungua kapo. Mikono yangu haijachafuka bado, jirani mwalimu mwenye alishapumzika kazi akaingia. Nyuma yake muchimba-dhahabu. Nyuma yake mama muuza-samaki. Wote mafundi, bahati yangu.

Na mutu wa Bunia hanunuake kipuri kwa mudomo. Unabeba ile ya zamani mukononi, unaizungusha sokoni, kila duka wanalinganisha. Mwalimu akabeba karbirateri, iwe mufano. Muchimba-dhahabu akabeba pompi ya maji, akasema kule mugodini iko fundi anapita wazungu. Mama akashuka Kasenyi na radiateri, ndugu yake aivukishe ziwa mpaka Uganda. Mi nilisema aksanti. Kila siku nilisema aksanti. Habari ikatembea kwamba kwa marehemu wanatoa mifano, watu wakakuja kusaidia. Mumoja alibeba mulango. Nilimushikia, maana ilikuwa nzito.

“Gari inapona?” dada aliuliza toka jikoni.

“Inapunguka uzito.”

Wiki ya tatu nikaenda kuuliza. Mwalimu aliacha karbirateri kwa duka moja, lakini jina ya duka ilimupotea. Alifundishaka hesabu miaka makumi tatu, huyo. Muchimba-dhahabu hakurudi. Mama wa samaki alinituliza: radiateri iko salama Uganda. Nilibakia tu kuuliza kama inakula vizuri.

Ndoa ilibakia kesho, binti akakuja na utepe mweupe wa kupamba gari. Akaizunguka mara mbili. Akasimama pale mulango ilikuwa zamani. Hakulia. Angelia ingekuwa afazali.

“Mujomba, nitaufunga wapi?”

Nikaangalia, nimuonyeshe. Kapo ilishaenda, vioo vya pembeni vilishaenda.

Nikapangusa mikono na suruali. “Ningoje hapa, niko nakuja,” nikamuambia.

Nikapita kati ya kuku, nikatoka mu parseli ya dada, nikafunga geti vizuri nyuma yangu, nikafuata barabara. Sijarudi mpaka leo.