Msimu Tuliomaliza na Wachezaji Wanne

Siku yangu ya kwanza katika timu ya basketi ya wanawake hapa Uvira, prezidenti wa klabu alinionyesha benchi kando ya uwanja wa saruji, akasema, "Mama, daktari hatuna. Daktari ni weye." Nilikuwa muuguzi niliyesomea ukine, kazi ya kurudishia viungo vilivyoumia nguvu zake. Wachezaji wakaniita Mama Kine.

Nilifanya kazi chini ya makocha kadhaa. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule, hakuanza mazoezi kabla misuli haijapashwa moto. Wa mwisho alitaka ushindi tu, na ndiye tuliyekuwa naye msimu ninaousimulia.

Saruji ni ngumu. Mtu akiruka na kutua, mshtuko wote unapanda kwenye kifundo na goti. Mwaka ule mafuriko yaliacha mchanga uwanjani, wachezaji wakawa wanateleza. Huyu aliteguka kifundo, yule alivunjika kidole, mwingine mgongo ulikaza. Kila asubuhi niliwafunga strapingi, bandeji ya kunata inayozuia kiungo kisipinde vibaya. Tulipopanda Bukavu kwa mechi za mtoano, waliobaki wazima walikuwa sita.

Nusu fainali tulishinda. Lakini mwishoni kapiteni wetu Riziki, binti wa kijiji cha Kiringye, alitua goti likageukia ndani. Nilisikia mlio wa goti hilo nikiwa benchi.

Kesho yake, siku ya fainali, nilimpima. Unakunja goti, unavuta muundi mbele. Kano ikiwa nzima, mfupa unakwama. Wa Riziki uliteleza.

"Mufunge sana," kocha akasema, "acheze hata kidogo."

"Hapana. Kano imekatika. Akicheza leo, huu mguu utaharibika kabisa."

"Mama Kine, hawa watoto wameteseka mwaka muzima juu ya hii fainali!"

"Najua. Ni mimi nilikuwa nawafunga."

Riziki alinishika mkono. "Goti ni langu, mama. Minye mwenyewe nimekubali. Waambie tu niko muzima."

Sheria ya mashindano ilikuwa hivi: aliyeumia hachezi mpaka kine wa timu amhakikishie mwamuzi kwamba amepona. Riziki alilia, akanisihi kwa jina la mama yake. Sikwenda kwa mwamuzi.

Watano wakaingia. Katika robo ya mwisho mmoja alitolewa kwa kujaza makosa, wakabaki wanne, miguu imekwisha, bado wanakimbilia kila mpira. Tulikosa kombe kwa kikapu kimoja. Riziki aliketi kando yangu, barafu juu ya goti, uso ameugeuzia upande wa pili.

Tulirudi kupitia bonde la Ruzizi. Katika mji mdogo wa Sange tulisimama, wauza mchele wakauliza kama tumeleta kombe. Dereva alizima muziki mwenyewe.

Niliendelea na kazi mpaka vidole gumba vyangu vikakataa kukandamiza. Sasa nimestaafu, nimechoka, na wapo wanaoniita yule mama aliyetunyima kombe. Ninyi mnaosomea ukine leo, msitegemee shukrani. Jifunzeni kulala bila hiyo.

Riziki ana watoto sasa, anauza unga wa muhogo sokoni. Tukikutana barabarani, amejitwika gunia kichwani, ananipita. Hajawahi kunisalimia tangu siku ile. Nami nikishapishana naye, nageuka kutazama goti lake. Linakunjika vizuri.