Maji Niliyoyapandisha Mlimani kwa Mdomo

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hadi leo nikiikumbuka miguu haitulii chini ya meza. Ukurasa huu nimeuanza mara nne. Ule ugonjwa wangu wa kutaka kila sentensi inyooke haujaniacha mpaka uzeeni, na hivi punde utaona ulinifikisha wapi.

Juzi ulinipigia simu kutoka Kibondo unahema kama mtu aliyekimbia. Ulisema mmepata mgombea ambaye akisimama, uwanja wote unasimama naye, na amekuomba umwandikie hotuba. Nilifurahi, usidhani sikufurahi. Lakini ulipokata simu nilichukua kalamu, maana kazi hiyo na mimi baba yako niliwahi kuifanya, nikaifanya vizuri mno.

Ilikuwa miaka ya sabini, mwaka ule tulioambiwa sote tutoke kwenye migomba yetu iliyotawanyika tukakae pamoja kijijini. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, huko kwetu upande wa Murungu. Shule niliishia darasa la nne. Kiswahili kilichobaki nilijifundisha mwenyewe kutoka kwenye vipande vya magazeti walivyofungia sukari madukani Kasulu. Nilivikunjua, nikavinyoosha kwa kiganja, nikaandika kila neno geni kwenye daftari. Neno nisilolijua lilininyima usingizi. Nikikosea salamu mbele ya watu niliirudia kichwani siku tatu.

Mwaka huohuo Zabroni akarudi. Alikuwa ameondoka kijana mdogo kwenda kukata mkonge Tanga, akakaa huko hadi mvi zikaanza. Kiswahili chake kilitiririka, lakini Kiha kilikuwa kimemtoka, akabakiwa na vipande vya utotoni; kikisemwa haraka hakukielewa, na kila alipokijaribu wanawake walicheka hadi wakashika mbavu. Kwa hiyo alisema kwa Kiswahili, na mimi nikawa mkalimani wake.

Lakini ungemwona, mwanangu! Alijua jina la kila mtu na la mbuzi wake mgonjwa. Alipoinua mkono, watoto migongoni waliacha kulia. Nikisimama karibu naye nilijihisi mrefu. Nasema kweli, ningemfuata popote, na nilikuwa sijamuuliza tunakwenda wapi.

Siku ya kuchagua mwenyekiti wa kijiji walisimama wagombea wawili. Mmoja alikuwa mtu mpole aliyesoma orodha ya kazi kutoka kwenye karatasi, kwa sauti ambayo hata mstari wa pili haukuisikia. Mwingine alikuwa Zabroni. Alisema kijiji tukijenge juu mlimani, kando ya barabara, ili lori lisimame mlangoni na watoto wetu wauone ulimwengu ukipita. Watu walikuwa wameshaanza kupiga makofi pale shangazi yangu Kezia aliponyanyuka. Sisi tulimwita masenge, kwa Kiha. Alikuwa mfinyanzi, na mikono yake ilikuwa na udongo hata siku ya ibada.

"Zabroni, mwanangu," alisema kwa Kiha, "mimi nafinyanga. Udongo wa kule juu nimeuchimba. Ni mchanga mtupu, haushiki hata chungu cha kitoto. Hayo maji yatakaa wapi?"

Nikatafsiri. Zabroni akakuna shingo. "Mwambie ameuliza vizuri," akasema. "Maji tutayatafuta."

Maji tutayatafuta! Sentensi kavu kama kibuyu kilichosahauliwa juani. Watu wote walikuwa wananitazama mdomoni, na niliona aibu kana kwamba ni mimi niliyeishiwa maneno. Basi nikaitengeneza. Nikawaambia kwa Kiha, kwa sauti iliyofanana na ya bwana wangu: "Anasema maji yatapanda mlima yenyewe. Mtayakinga mlangoni, akina mama, mkiwa mmekaa. Na mitungi ya Kezia mtahifadhia maharage!"

Vigelegele vilivyolipuka pale! Mzee mmoja alirusha kofia yake na hakuiona tena. Zabroni akaniinamia, macho yanameta.

"Umewaambia nini?"

"Ulichosema, Bwana Zabroni."

"Kumbe ni maneno mazuri hivyo!" akasema, akapaa zaidi.

Tulipiga kura kwa kujipanga nyuma ya tuliyemtaka. Mstari wa Zabroni ulizunguka uwanja. Nyuma ya yule mpole walisimama watu ambao ungewahesabu kwa vidole, na shangazi alikuwa mmoja wao. Alipopita karibu nami akaninong'oneza, "We mtoto, lile umelitia chumvi mwenyewe. Kiswahili sikijui, lakini ya kwake yalikuwa maneno mawili, na ya kwako yamejaa kikapu."

Nikacheka. Ngoja nikukirie jambo ambalo sijawahi kumwambia hata mama yako. Usiku ule nilikosa usingizi, lakini si kwa sababu ya uongo. Nilikosa usingizi kwa kuhisi kwamba neno moja nililiweka mahali pasipofaa.

Tukajenga juu mlimani. Masika yalikuwa mazuri, lori lilisimama kweli mara moja, na watoto wakaliimbia. Kisha kiangazi kikaingia. Wanawake wakawa wanateremka bondeni alfajiri na kurudi jua likiwa utosini, wakiupanda mlima mzima, mitungi kichwani. Shangazi, na goti lake bovu, alipanda akipumzika kila baada ya hatua chache.

Siku moja jirani yetu Anjelina, mimba yake ikiwa ya miezi minane, aliteleza na mtungi. Tulimbeba kwa machela, tukapokezana, siku nzima mpaka hospitali ya Kibondo. Zamu yangu ilikuwa upande wa kichwa. Alifumbua macho akanitambua.

"Ulisema nitayakinga nimekaa," akasema.

Basi, hilo tu. Hakulalamika. Alikuwa anakumbuka ahadi, na alidhani mimi pia naikumbuka.

Siku mbili hatukujua kama atapona. Siku ya tatu habari ikaja: mama mzima, mtoto mzima, wa kike. Nilikimbia kijiji kizima nikitangaza mlango kwa mlango, na nilipofika mlango wa mwisho nilijua nitakalofanya. Nikamwomba Zabroni aitishe mkutano.

Nilisimama mbele yao. Nikasema kwa Kiha, kisha kwa Kiswahili ili naye asikie: "Bwana Zabroni hakuahidi maji yapande mlima. Alisema tutayatafuta. Yale mengine niliyatunga mimi."

Uwanja ukachemka. "Mchapeni!" mtu akapiga kelele. Mwingine akasema, "Mtwisheni mtungi, aanze leo!" Zabroni alinigeukia.

"Yaani miezi yote hii," akasema, "vile vigelegele havikuwa vyangu?"

Nilidhani atanifukuza. Angeweza pia kunitupia lawama zote na kubaki msafi, maana watu bado walimpenda. Badala yake alinisogeza kando kwa mkono, akawageukia watu, akasema kwa Kiha chake kile cha mtoto: "Mimi nakosa. Mama Kezia anauliza, mimi nakuna shingo. Mimi maji sijui. Kezia anajua. Kezia, wewe peleka sisi."

Walicheka, mwanangu! Walicheka mpaka machozi, halafu kicheko kikageuka vigelegele, na hakuna aliyebaki amekaa. Shangazi alichukua jembe lake akashuka, sisi sote nyuma. Kwenye tambarare ndogo, katikati ya mlima na bonde, akasimama, akachimba hadi kiunoni. Udongo ukatoka mweusi, unanata. Akaufinyanga mviringo, akamwekea Zabroni kiganjani. "Huu unashika," akasema. Kesho yake asubuhi shimo lilikuwa na maji.

Zabroni akaenda ofisi ya wilaya, Kibondo, kuomba ruhusa ya kusogeza kijiji. Ule mvuto wake wote aliumwaga huko, na akarudi na ruhusa. Kisha ikaja siku yenyewe, ile inayonichezesha miguu. Tuliinua mapaa ya nyasi mazimamazima kutoka kwenye kuta, wanaume chini ya kila paa, na mapaa yakatembea kuteremka mlima! Zabroni alitangulia akirudi kinyumenyume, anaimba nyimbo za mashamba ya mkonge, na sisi tunaitikia maneno tusiyoyajua. Lakini aliyemtangulia hata yeye, fimbo mkononi, alikuwa shangazi, anaonyesha pa kukanyaga. Mimi nilibeba pembe moja ya paa la Anjelina, nyasi zinanichoma shingoni, na sikutafsiri chochote. Hakuna aliyehitaji.

Kwa hiyo nisikilize. Mvuto wa kiongozi ni kitu cha kweli, usije ukaudharau kwa sababu ya makosa yangu. Yule mpole mwenye orodha asingehamisha hata paa moja. Lakini mvuto hukusanya watu na kuwapa nguvu, basi. Hauwaambii maji yako wapi. Kabla hujaandika mstari mmoja wa hotuba hiyo, tafuta Kezia wa huko kwenu, yule mwenye udongo mikononi, umkalishe na mgombea wako, na wewe unyamaze. Mgombea akisema "tutayatafuta", andika "tutayatafuta", hata kama mkono unakuwasha. Na uwanja ukilipuka kwa vigelegele, shuka jukwaani umuulize mama mmoja ameahidiwa nini. Jibu lake ndiyo hotuba uliyoiandika. Na umwangalie bwana wako siku atakapokosea. Akisimama mwenyewe kwa lugha inayomchekesha kila mtu, akasema nimekosa, huyo mshike. Asipoweza, rudi nyumbani, tutalima.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio makubwa kuliko ya baba yako. Na kila mama atakayeliamini neno lako afike kwake salama, atue mtungi, akae.