Jiwe la Kona ya Lupango

Nyumba ya nesi mnayoipita mkienda kliniki, hiyo iliyo nyuma ya zahanati yetu huku Mpimbwe, zamani ilikuwa lupango, jengo la kufungia watu. Lilijengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya baraza la mtemi. Chumba kimoja, dirisha moja dogo kuliko ungo, na mlango mfupi uliomwinamisha kila aliyeingia, awe mwizi wa mbuzi au mama aliyepika pombe bila kibali. Uhuru ulipokuja likawa ghala la mbegu, baadaye stoo ya mizinga ya nyuki, mwisho popo wakalirithi.

Habari ya jengo hilo siwezi kuitenga na habari ya fundi Sylvanus. Mnamfahamu: mrefu, mpole, kofia ya sufu hata jua la Oktoba. Nyumba nyingi za kijiji hiki kazinyoosha yeye kwa kamba na pima maji. Lakini kuna jambo watu wa rika lake waliliona na hawakulisema. Mvua ikimkuta karibu na lupango, wenzake wakikimbilia ndani, yeye alibaki nje alowe. Na ukimuuliza alikozaliwa, alijibu haraka kwamba ni hospitali ya misheni. Hata kwenye kitambulisho aliandikisha hivyo.

Sasa, mwaka juzi mwenyekiti wetu Mabula aliitisha mkutano. Mabula ni Msukuma, baba yake alifika huku na ng'ombe akatupenda akakaa. Alieleza kwamba nesi Providence amepanga mbali, na akina mama wawili wamejifungulia njiani wakimfuata. Nyumba ya nesi ijengwe kabla ya masika. Matofali yapo, tena ya kuchoma: livunjwe lupango, na mawe ya msingi yang'olewe yakajengee nyumba hiyo upande wa barabarani. Kazi akapewa Sylvanus. Akaitikia kwa kichwa.

Paa lilishuka siku moja. Kuta zilimchukua siku tatu, yeye na vibarua wawili, kila tofali likisafishwa udongo na kupangwa. Siku ya tano, ya kuchimbua mawe ya msingi, akawaambia vibarua wapumzike, mgongo unamuuma. Siku ya sita mgongo. Siku ya saba mgongo tena, na huku watu walimwona asubuhi anapasua kuni.

Tatizo halikuwa mgongo. Mama yake, Lusia, alikamatwa kwa pombe ya ulezi akiwa na mimba kubwa, akafungwa siku kumi na mbili. Siku ya tatu Sylvanus akazaliwa mle ndani. Kitovu kilipokatika mama hakuwa na pa kukipeleka, na jembe haliingii lupango. Akachimba kona ya sakafu kwa kigae cha chungu, akakizika, akafunika kwa kipande cha jiwe la kusagia. Na kwetu, kilipozikwa kitovu cha mtu, hapachimbwi akiwa hai. Lusia alimwambia mwanawe hayo alipokuwa mkubwa, naye akaona aibu, akayafungia moyoni. Sasa akichimba, anamkosea mama yake. Akikataa, atasema kwa nini?

Jumatatu Mabula akaja na pikipiki, akamkuta amekaa juu ya rundo la matofali. Nesi Providence alikuwepo, na Mariana pia, binti wa aliyekuwa askari wa lupango. Siku hizi ni bibi wa fimbo, alikuja kupima presha.

"Fundi," Mabula akasema, "mgongo wako unauma siku za kazi tu. Sisi kwetu ng'ombe wa hivyo tunamuuza."

"Muuze basi," Sylvanus akajibu. "Mimi hapa sichimbi."

Mabula akamwambia ataita fundi mwingine kutoka Mpanda. Sylvanus akavua kofia, jambo ambalo wengi hatukuwahi kuliona, akaikunja mkononi.

"Nimezaliwa hapa, mwenyekiti. Si misheni. Kitovu changu kipo kona ile, chini ya jiwe."

Akangoja achekwe. Mariana ndiye aliyesema.

"Maji ya kukuoshea nilibeba mimi. Mama yangu ndiye aliyekupokea. Kijiji kizima cha zamani kinajua, mdogo wangu. Wewe ulinyamaza, na sisi tukanyamaza."

Mabula, ambaye utani ulikuwa umemwishia, akauliza kwa sauti ya chini kama msingi wenyewe bado ni imara. Fundi akasema mkoloni alichimba vizuri, utabeba nyumba ya vyumba vitatu. Basi kwa nini uhame? Wakaafikiana nyumba isimame hapo hapo. Providence alipoulizwa kama hataogopa kulala pale, alisema anashinda na vitovu kutwa, kimoja cha mzee hakimtishi.

Nyumba ikaisha kabla ya masika. Sylvanus alinyanyua mlango mpaka mtu mrefu apite bila kuinama. Sakafu aliimwagia saruji yote, isipokuwa kona moja, upana wa beseni, ambapo jiwe linaonekana. Nesi anaweka mtungi pembeni yake.

Siku ya kukabidhi funguo alimleta mkewe, Romana, mzaliwa wa Litapunga, aonyeshwe. Alianza kumweleza taratibu, toka pombe ya ulezi. Romana akamwacha amalize.

"Mama yako alinileta hapa wiki ile uliyonioa," akasema. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Miaka arobaini na moja amengoja. Sylvanus akakaa kizingitini, ndani ya nyumba mara hii, na mvua ya kwanza ikaanza kunyesha.