Jani la Karoti

Daktari wetu wa wanyama ana sauti ya kukaripia, hata akisema asante. Kwa yule sungura mweupe tu ndipo hulainika. Meno ya sungura huyo hayaachi kurefuka. Yakianza kumkata ulimi analetwa kupunguzwa, na kila mara lazima apewe dawa ya usingizi. Daktari husugua viganja mpaka vipate joto, ndipo amshike. "Wengine hawaamki, mama," humkumbusha mwenye sungura, naye huitikia "sawa" huku akitazama ukuta. Kazi ikiisha, daktari hukaa sakafuni na kushika jani la karoti mbele ya pua ya mgonjwa wake, maana sungura asipokula baada ya dawa ile, tumbo hugoma, na hapo basi tena.

Leo sungura alifumbua macho, akalinusa jani, akageuza uso.

"Si ameamka, daktari?" mama akauliza huku akicheka kwa furaha.

"Ameamka, mama."

Nikafagia chumba chote, nikafunga madirisha. Mama akanishukuru hata mimi, mfagiaji. Daktari alikuwa bado pale sakafuni, jani limemnyaukia mkononi, akinong'ona, "Kidogo tu, baba. Kidogo tu."