Mchoraji 'Asiyejulikana' Ana Jina

Saa tatu asubuhi, fundi viatu amekaa kwenye kigoda akilalamika kwamba shingo imemkakamaa. Mchoraji anakaza macho, anachovya brashi kwenye rangi nzito, kisha anamwambia asijaribu kutabasamu.

"Mtu akitabasamu ananikaribisha kama mgeni," anasema. "Mimi nataka uso anaokaa nao nyumbani."

Majirani humwita Mama Sura. Ana miaka hamsini na minane, na kwa miaka thelathini na moja amewachora watu wanaomzunguka: wafua nguo, walinzi, wachukuzi wa sokoni. Mikono yao huichora mikubwa kupita kiasi, kwa kuwa, anasema, ndiyo inayofanya kazi. Hakusomea popote, na picha hazimlishi. Siku nne kwa wiki hupaka rangi kuta za nyumba za watu.

Mwaka jana binti yake, anayefanya usafi katika hoteli kubwa, alimpigia simu akinong'ona. Pale mapokezi, ndani ya fremu ya dhahabu, alikuwa amemkuta mama yake mkubwa akifua nguo. Chini yake kulikuwa na jina la mwanamume wasiyemjua.

Picha hiyo Mama Sura alikuwa amemuuzia dalali wa sanaa miaka kumi nyuma. Pembeni, alipotia sahihi, palikuwa pamepakwa rangi.

Alikwenda hotelini. Meneja alimsikiliza bila kumkaribisha kiti, akamuuliza amesoma chuo gani, kisha akamshauri aache kutafuta umaarufu kwa jasho la wenzake.

Kesho yake alirudi na dada yake. Mfua nguo huyo alisimama kando ya fremu, akainua mkono wa kushoto: kidole kilichopinda, kovu la pasi kwenye kifundo, vyote vilevile ukutani. Wageni waliokuwa wakisubiri vyumba walitazama picha, wakamtazama yeye, wakarudia picha.

"Kama huyo bwana ndiye aliyenichora," dada akamwambia meneja, "mpigie simu umuulize naitwa nani."

Meneja hakupiga. Wiki iliyofuata kibao cha jina chini ya picha kilibadilishwa. Kikaandikwa: Mchoraji hajulikani.

Hadi leo kinasomeka hivyo.

"Hajulikani na nani?" anauliza Mama Sura, na sauti yake inapanda kwa mara ya kwanza. "Nilisimama pale nikawatajia jina langu, nikarudia polepole. Hawakukosa jina. Wameona haya kuandika jina la mpaka rangi wa kuta."

Sasa anachora nyuso arobaini za mtaa wake. Atazitundika uani, na kila mwenye sura atasimama kando ya picha yake siku nzima. Fundi viatu ni wa kumi na tisa. Wa ishirini, anasema akisuuza brashi, ni yeye mwenyewe, ambaye hajawahi kujichora hata siku moja.

"Nitajichora nimekasirika," anasema. "Na sitaharakisha."