Vali ya Ng'ombe ya Babu

Babu alipowekewa moyoni vali ya ng'ombe, yaani kilango cha kupitishia damu, daktari alimwambia kwamba kwa wazee vali hizo hudumu zaidi kuliko kwa vijana. "Hii itakutosha maisha yako, mzee." Pale mtaani kwetu Biryogo tulielewa hivi: Babu na vali yake wataisha pamoja.

Kwa hiyo mwaka huu, alipoanza kuhema akishona kanzu tu, hakuna aliyeuliza daktari anasema nini. Baba mdogo alikuja kutoka mtaa wa Kabeza, akasimama kwenye baraza na kuipima kwa macho cherehani ya Babu.

"Mzee, si daktari alisema? Vali ikiisha, safari imefika."

"Mimi bado niko hapa," Babu akasema.

"Uko hapa, ndiyo, lakini hiyo vali iko inatoa mlio kama mlango mbovu."

Shangazi alicheka. Mimi nilitazama miguu yangu, kama kawaida yangu.

Hospitali tulienda watatu: Babu, Baba mdogo na mimi. Daktari wa safari hii, dada kijana tu, alisema vali imekakamaa na inavuja. Inaweza kuingizwa nyingine ndani ya ile ya zamani, kupitia mshipa wa pajani, bila kupasua kifua. Baba mdogo akamkatiza.

"Daktari, ng'ombe wawili kwa mzee mmoja? Kuna vijana Rwanda hii hawana hata mbuzi."

"Namuuliza yeye," daktari akasema, akimtazama Babu.

Babu akasema, "Naitaka."

"Haya. Murwaza wenu ni nani?" daktari akauliza.

Huku kwetu mgonjwa halazwi peke yake. Lazima awe na murwaza, mtu wa kumletea uji, kumwogesha na kulala sakafuni kando ya kitanda. Baba mdogo alisema ana kazi. Akasema Shangazi naye ana watoto. Alisema hayo akitabasamu, na nikaelewa kwamba hapo ndipo alipotaka kumkwamisha Babu.

"Mimi," nikasema. Shule ilikuwa imefungwa.

Baba mdogo alinigeukia. "Wewe? Hata muuza chapati unamwogopa! Nesi akikuita utajificha uvunguni."

Babu akacheka. Babu mwenyewe! Alicheka mpaka pumzi ikamkata, akashika ukingo wa meza, midomo ikabadilika rangi, nami nikamshika mgongo huku machozi yananitoka kwa hasira.

Daktari aliuliza jina langu. Nililitaja kwa sauti ndogo mno, akaniomba nirudie. Nikarudia, naye akaliandika kwenye nafasi ya murwaza.