Darubini Iliyochaguliwa Kama Nazi

Juzi nilifungua sanduku la marehemu baba kule Watamu, nikaikuta ile darubini ya jicho moja imeviringishwa ndani ya leso ya bibi. Nikaitikisa sikioni. Kili, kili. Nikacheka peke yangu, kisha nikakaa kitako sakafuni.

Sikiliza basi, rafiki yangu. Miaka ya themanini baba alikuwa akiwatembeza wageni ghuba ya Mida kuwaonyesha ndege. Hoteli ikasema msimu unaokuja kazi atapewa mwenye darubini yake mwenyewe tu. Baba hakuwa nayo. Pesa tulizokuwa nazo ni za makuti ya bibi, mama yake, aliyeyashona kwa kupapasa huku akitusimulia habari za Rabai, na zisingetosha kitu kipya.

Tukaenda Malindi sisi watatu, kwenye duka la vitu vilivyotumika, lililonuka mafuta ya taa na ubani. Za bei yetu zilikuwa mbili. Moja ndefu, inang'aa. Nyingine fupi, imechubuka. Baba akaitoa ile fupi mlangoni, akaielekeza kwenye mnara wa msikiti, akatabasamu. Nikajua amekwisha kuchagua.

"Hebu nipe," bibi akasema. Akazitikisa sikioni moja moja, vile tunavyotikisa nazi sokoni kusikiliza maji. Fupi, kimya. Ndefu, kili, kili.

"Hii ndiyo nzima. Hiyo nyingine imekauka."

Mwenye duka akajikaza asicheke. "Bibi, hizi si nazi."

"Kuchagua najua, mwanangu."

Baba aliitazama ile fupi, akamtazama mama yake. "Haya, mama. Tuchukue hiyo ndefu."

Nilikasirika mpaka machozi. Moyoni nikamwita baba mwoga. Kioo cha ndani kilikuwa kimelegea, na heroe, wale ndege wa miguu mirefu, walionekana kama waliokatwa shingo. Lakini baba akagundua kwamba ukiipiga makofi mawili ubavuni na kuilaza kushoto, kioo hukaa mahali pake. Wageni walidhani ndivyo zinavyotumika huku, nao wakapiga. Kazi ikabaki, nasi tukaendelea kula wali wa nazi.

Bibi hakuambiwa. Kila jioni aliuliza, "Darubini yangu yaonaje?" Na baba, "Yaona vizuri, mama."

Siku moja tulimpeleka ghubani. Baba akaisimamisha kwenye miguu yake mitatu. Bibi akainama, akaweka jicho.

"Nawaona," akasema. "Wazuri kweli hao."

Kifuniko cha mbele kilikuwa hakijatolewa. Nilikiona, na baba alikiona. Akanitazama tu, nikafunga mdomo.

"Ulichagua vizuri, mama," akamwambia.

Kumbe macho yalikuwa yamemwisha zamani, naye hakutaka tujue. Siku ile dukani masikio ndiyo aliyokuwa nayo. Nadhani baba alijua tangu pale mlangoni.

Duka lile halipo tena, na makuti yamepisha mabati. Bibi hayupo, baba hayupo. Nami sikuwahi kumwomba baba radhi kwa lile neno nililomwita moyoni.